Mradi Unapofungwa: Namna ya Kuwasindikiza Wafanyakazi Bila Kuwavunjia Utu

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alisaini agizo la kusitisha kwa siku 90 misaada ya maendeleo ambayo nchi yake hutoa nje, na siku nne baadaye, Ijumaa, ikatoka amri ya kusimamisha kazi katika miradi iliyotegemea fedha hizo. Baadhi ya miradi ya afya ya Afrika Mashariki iliruhusiwa kurudi kwa muda, ikasimama tena, kisha mwishoni mwa Februari ikapokea barua za kufutwa kabisa. Tarehe 10 Machi Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Marco Rubio, alitangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID, shirika la misaada la Marekani, zimefutwa. Nyuma ya tarakimu hizo walikuwapo washauri nasaha, waingiza takwimu, madereva, wauguzi wa mkataba na WAVIU washauri (watu wanaoishi na VVU wanaowashauri wagonjwa wapya), watu ambao Ijumaa asubuhi walikuwa watumishi wa kliniki na Jumatatu hawakujua kama wana ruhusa ya kupita getini.

Mwongozo huu unamlenga msimamizi wa timu, ofisa rasilimali watu au mratibu wa mradi ambaye ana jukumu la kuwafikishia wenzake habari ya namna hiyo na kubaki nao mpaka mwisho. Mifano yangu inatoka kwenye miradi ya VVU nchini Tanzania kwa sababu huko ndiko nilikosimamia timu, lakini aliye katika benki inayounganisha matawi au kiwanda kinachopunguza zamu atapata humu mengi yanayomhusu.

Naomba niseme mapema ninachokiamini, kwa kuwa hatua zote zinatoka hapo. Mshahara ukikatika mtu huumia, lakini hilo ni umivu analoweza kulieleza, na ndugu na majirani wakamwelewa. Kinachomvunja kimyakimya ni kuondolewa kama vile hakuwahi kuwapo: jina linafutwa kwenye kundi la WhatsApp usiku, meza inapewa mtu mwingine, mgonjwa aliyemhudumia miaka sita anaambiwa "huyo hayupo" bila neno la ziada. Jeraha hilo halizuiwi na hotuba nzuri ya kuaga. Linazuiwa na mambo madogo yanayofanywa kwa utaratibu, kwa wakati wake, na mtu anayejali.

Hatua ya 1: Andika unachokijua kabla hujafungua kinywa

Chukua karatasi uigawe katika safu tatu. Safu ya kwanza iwe ya mambo yaliyothibitishwa kwa maandishi, ya pili iwe ya mambo yasiyojulikana, na ya tatu iwe na tarehe ambayo kila jambo lisilojulikana litatolewa taarifa, hata kama taarifa yenyewe itakuwa kwamba bado hakuna jipya. Safu ya tatu ndiyo ambayo wasimamizi wengi huisahau, na ndiyo inayowapa watu usingizi. Ni rahisi zaidi mtu kuvumilia wiki mbili za kutojua ikiwa ana hakika kwamba Alhamisi saa nne asubuhi utasimama mbele yake na kusema ulichonacho, kuliko siku tatu za kuchungulia simu kila baada ya dakika tano.

Katika kipindi kile cha Februari 2025, ambapo kazi ilisimama, ikarudi, ikasimama tena, nilijifunza kwamba matumaini ya uongo huchosha kuliko habari mbaya. Usiseme "nadhani tutarudi" kwa sababu tu unatamani iwe hivyo. Sema, "Barua inasema tusimame kwa siku 90. Haisemi kitakachofuata. Tutakutana tena tarehe fulani."

Hatua ya 2: Toa habari uso kwa uso, na mapema katika juma

Habari ya kufungwa kwa mradi haitumwi kwenye kundi la simu, na haitolewi Ijumaa jioni. Anayeipokea Ijumaa jioni hubaki nayo siku mbili bila ofisi ya kuuliza wala mwenzake wa kumtazama. Kama timu imetawanyika vituoni, wapigie simu wa mbali mmoja mmoja saa ileile unayokutana na wa karibu, ili asiwepo atakayesikia kwa dereva au kwa mgonjwa. Wanaotumwa vijijini siku hiyo warudishwe kwanza. Si haki mtu asomewe habari hiyo akiwa juu ya pikipiki.

Sema jambo lenyewe katika sentensi mbili za mwanzo. Salamu ziwe zile za kawaida, bila utangulizi mrefu wa kusifu, kwa sababu kila aliyekaa pale anajua kuna jambo na utangulizi humzidishia mapigo ya moyo. Unaweza kusema hivi: "Nimewaita kuwaambia kwamba mradi wetu umefutwa na ajira zetu zinakoma tarehe fulani. Uamuzi huu haukutokana na kazi ya mtu yeyote aliyemo humu." Kisha nyamaza. Ukimya utakaofuata ni wao, usiujaze.

Katika barua na katika maneno yako, tenganisha nafasi na mtu. Nafasi ndiyo iliyofutwa. Barua inayosema "umeachishwa kazi" bila kutaja sababu itasomwa na mke, na baba mkwe, na mwajiri mwingine miaka mitano baadaye, na kila msomaji atajaza sababu anayoitaka. Hakikisha pia kwamba jina la kila mtu limeandikwa sawasawa. Nimemwona muuguzi mwenye umri wa mama yangu akiirudisha barua yake mezani kwa sababu jina la baba yake lilikosewa herufi moja, na akisema kwa upole kwamba anaomba hii ya mwisho angalau iwe yake.

Epuka kusema kwamba ninyi ni familia. Familia haifukuzani kwa kukosa fedha za mfadhili, na anayeambiwa hivyo siku hiyo huhisi anafichwa kitu. Vilevile usitumie mkutano huo kueleza jinsi wewe mwenyewe ulivyoumia. Tafuta mtu wa kuzungumza naye mahali pengine, maana hakika utamhitaji.

Hatua ya 3: Stahiki ziwe kwenye karatasi, kwa tarakimu

Hofu kubwa hupungua pale mtu anapoona hesabu yake. Kila mmoja apewe karatasi moja inayoonyesha anachodai, kilivyopatikana na tarehe ya kulipwa. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, aweke wazi habari zinazohusika, na ashauriane nao au na chama chao juu ya sababu, njia za kuepusha, vigezo vya kuchagua wanaoondoka, muda na malipo. Mashauriano haya si mapambo. Mtu aliyeulizwa maoni yake, hata kama hayakubadili matokeo, huondoka akijua kwamba alihesabiwa.

Anayelipwa kwa mwezi ana haki ya notisi isiyopungua siku 28, au malipo badala yake. Kiinua mgongo, kwa mwenye haki nacho, ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka mzima wa utumishi usiokatika, mpaka miaka 10. Chukua mfanyakazi wa siku 6 kwa juma, mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 780,000 na miaka 4 kazini. Ukigawa kwa 26 unapata shilingi 30,000 kwa siku; siku 7 mara miaka 4 ni siku 28, na hizo zinampa kiinua mgongo cha shilingi 840,000. Fanya hesabu hiyo mbele yake, kwa kalamu, mpaka aseme ameelewa. Ongeza likizo isiyochukuliwa, nauli ya kumrudisha alikoajiriwa ikiwa aliajiriwa mahali pengine, na hati ya utumishi. Aliyeko Kenya atazame kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, ambacho kinataka taarifa ya angalau mwezi mmoja na malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliokamilika.

Mwambie pia, bila kuogopa, kwamba akiona ameachishwa isivyo haki anaweza kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Baadhi ya waajiri hulificha hilo wakidhani wanajilinda. Mtu anayejua mlango uko wapi huondoka na kichwa chake kikiwa juu, na mara nyingi hana haja ya kuubisha. Mwalike ofisa wa mfuko wa hifadhi ya jamii aje kituoni aeleze michango na fao la upotevu wa ajira, badala ya kuwaacha watu thelathini wapange foleni kila mtu kivyake.

Hatua ya 4: Makabidhiano yafanyike kwa heshima ya kazi yenyewe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu katika kazi za kuhudumia watu nafsi ya mfanyakazi imefungamana na wale anaowahudumia.

Mshauri nasaha mmoja wa timu yetu alikuwa na kazi ya kuwapigia simu wateja waliokosa siku yao ya dawa. Mradi ulipofungwa alirudisha kishikwambi na laini ya ofisi, lakini wateja walikuwa na namba yake mwenyewe, kwa kuwa kwa miaka mingi salio la ofisi likiisha alitumia la kwake. Simu ziliendelea. Alinisimulia jinsi alivyokuwa sokoni akichagua nyanya, simu ikaita, na bibi mmoja akamwuliza, "Mwanangu, nije lini kuchukua vidonge?" Hakujua ajibu kama nani. Akisema "mimi sipo tena" atamtia bibi hofu ya kwamba dawa zimekwisha, na akimjibu kama zamani atakuwa anafanya kazi isiyo yake, bila jalada mbele yake, na anaweza kumkosesha. Alisimama pale na nyanya mkononi mpaka simu ikakatika.

Kosa lilikuwa letu wasimamizi. Tulikabidhi vifaa, hatukukabidhi watu. Tangu hapo ninashauri yafuatayo yafanyike kabla ya siku ya mwisho, hata kama siku zilizobaki ni tatu tu. Kwanza, msimamizi aonane na mganga mfawidhi wa kituo na mratibu wa UKIMWI wa halmashauri, ajue kwa hakika nani atapokea wateja hao na kama dawa zipo. Pili, mfanyakazi anayeondoka na muuguzi anayebaki wakae pamoja na daftari la miadi, mteja kwa mteja, wakianza na wale wa hatari zaidi: wajawazito, watoto, waliokosa dawa hivi karibuni, wanaoficha hali yao nyumbani na hawapaswi kupigiwa jioni. Maarifa hayo ya mwisho hayamo kwenye kompyuta yoyote. Yamo kichwani mwa anayeondoka, na kumwuliza ni kumwambia kwamba alikuwa na kitu ambacho wengine hawana. Tatu, namba na majina ya wateja yafutwe kwenye simu za binafsi baada ya kukabidhiwa, kwa sababu siri ya mgonjwa haimalizwi na mkataba.

Nne, kila mmoja apewe maneno ya kumjibu atakayepiga. Tuliandika hivi, na unaweza kuyarekebisha: "Shikamoo mama. Mradi niliokuwa nao umefungwa, kwa hiyo mimi sipo tena kliniki. Dawa zako zipo na kadi yako ni ileile. Nenda siku yako ileile, umwulize nesi fulani, nimemweleza habari zako. Namba ya kliniki ni hii." Yaandikwe tu baada ya kuthibitisha kila neno lake. Yule mshauri nasaha aliniambia baadaye kwamba sentensi iliyompa amani ni ile ya "nimemweleza habari zako," kwa sababu ilikuwa kweli na ilikuwa tendo lake la mwisho la kazi.

Kuna kundi ambalo karibu kila mpango wa kufunga mradi hulisahau, nalo ni WAVIU washauri. Hawa ni watu wanaoishi na VVU ambao walikubali kusimama mbele ya wagonjwa wapya na kusema, "Hata mimi natumia dawa, nipo, ninalea watoto." Wengi walilipwa posho, hawakuwa na mkataba wa ajira, kwa hiyo hesabu ya kiinua mgongo haiwagusi. Fikiri wanachobaki nacho. Mtu alijitangaza hali yake kijijini kwa sababu kazi hiyo ilihitaji aitangaze. Kazi imeondoka, na tangazo limebaki. Akiwa na fulana ya mradi na meza kliniki, hali yake ilikuwa sifa ya kazi na watu walimwita mshauri. Bila meza, wapo watakaomrudishia lile jina la zamani.

Usimuage mtu huyu kwa ujumbe mfupi. Mwombe mganga mfawidhi amwite, amshukuru mbele ya watumishi wote wa kituo, na amwandikie barua yenye muhuri wa kituo inayotaja miaka na huduma aliyotoa, bila kutaja hali yake ya afya, ili aweze kuionyesha popote. Mwunganishe na konga ya wilaya yake, ambako mtandao wa watu wanaoishi na VVU unaendelea hata mradi ukiondoka. Mwulize wazi kama angependa kuendelea kuonekana kliniki kwa kujitolea au angependa kupumzika, na usimsukume ajitolee. Kazi aliyoifanya kwa posho haiwi bure kwa sababu tu wafadhili wameondoka.

Hatua ya 5: Panga namna ya kurudisha vifaa

Siku ya mwisho ya timu yetu niliagiza boksi tupu la maji ya chupa liwekwe mapokezi, juu yake pakaandikwa kwa kalamu ya wino mzito "VITAMBULISHO". Nilidhani ninarahisisha kazi. Watu wakapita mmoja mmoja, wakivua kamba shingoni na kudondosha ndani. Dereva aliyetumikia mradi tangu gari likiwa jipya alikitazama chake muda mrefu, akakifuta vumbi kwa kidole gumba juu ya picha, akakiweka taratibu upande mmoja wa boksi kana kwamba anaogopa kuwaumiza wengine waliomo. Sikulala vizuri usiku ule, na sitarudia.

Kitambulisho kipokelewe mkono kwa mkono, na mtu anayejua jina la anayekirudisha, katika chumba chenye viti, huku hati ya utumishi ikikabidhiwa wakati huohuo ili mikono isibaki mitupu. Kama kanuni za usalama zinaruhusu, kitobolewe tundu na arudishiwe kama kumbukumbu. Barua pepe ifungwe kwa taarifa ya siku kadhaa, mtu apate kuhamisha picha, vyeti na anwani zake. Kundi la WhatsApp la timu lisifutwe na msimamizi. Waachie wenyewe, wabadilishe jina wakitaka, kwa kuwa salamu za asubuhi zinazopita humo zina kazi kubwa kuliko zinavyoonekana.

Hatua ya 6: Msaidie kila mtu kutaja kazi yake kwa maneno yake

Mtu aliyekaa mradini muda mrefu huja kudhani kwamba ujuzi wake ni cheo chake. Ukimwuliza anaweza nini, atajibu, "Nilikuwa mwingiza takwimu." Hapo cheo kimekufa na yeye amejizika nacho.

Tenga saa mbili. Wakae wawili wawili, watu waliofanya kazi pamoja, na kila mmoja amweleze mwenzake mambo matatu aliyowahi kumwona akiyafanya vizuri, kwa mfano halisi, si kwa sifa za jumla. "Wewe ni mchapakazi" hairuhusiwi. Inayoruhusiwa ni ya namna hii: "Mwaka ule takwimu za vituo viwili zilipogongana, wewe ndiye uliyekwenda kuhesabu makopo ya dawa stoo ukaona kosa lilikuwa kwenye leja." Anayesikiliza aandike, kisha mgeuze pamoja maneno hayo kuwa lugha ya maombi ya kazi: anakagua takwimu, anatafuta chanzo cha kosa, anashirikiana na stoo. Mwingiza takwimu ataona kwamba duka la jumla, chama cha ushirika na shule vinahitaji mtu wa namna hiyo.

Nimeona watu wazima wakitokwa na machozi katika zoezi hili, na si kwa huzuni. Wengi hawakuwahi kuambiwa na mtu mwingine walichokuwa wakikifanya. Baada ya hapo ndipo mafunzo ya kuandika wasifu kazi au kuanzisha biashara yanapofaa. Ukianza na somo la ufugaji wa kuku siku mbili baada ya barua, unamwambia muuguzi kwamba uuguzi wake umekwisha.

Wewe kama msimamizi andika barua ya sifa kwa kila mmoja, inayotofautiana na ya mwenzake. Ni kazi ndefu. Kwa watu ishirini itakuchukua siku nne za jioni, na hakuna njia ya mkato, kwa kuwa waajiri wa mji mmoja wanazisoma zote na wanatambua barua iliyobadilishwa jina tu.

Hatua ya 7: Zungumzia siku, si miezi

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kundi la watafiti, akiwemo Marie Jahoda, walichunguza maisha ya Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake cha nguo kilikuwa kimefungwa. Walikuta kwamba watu waliokuwa na muda tele waliazima vitabu vichache kuliko walipokuwa kazini, na kwamba wanaume walitembea polepole barabarani, wakisimama mara kwa mara. Jahoda alieleza baadaye kwamba kazi, mbali na ujira, humpa mtu mpangilio wa saa, watu wa kukutana nao nje ya nyumba, lengo la pamoja, nafasi katika jamii na shughuli ya kila siku. Vyote vitano hukatika asubuhi moja.

Kwa hiyo mwulize mtu maswali madogo. Utaamka saa ngapi Jumatatu? Utakwenda wapi kabla ya saa nne? Utaonana na nani ambaye si wa nyumbani? Anayejibu kwamba ataendelea kwenda mazoezi ya kwaya, au msikitini alfajiri, au kusimamia kisima cha mtaa, ana nguzo. Mhimize asiiache kwa aibu. Aibu ndiyo huwafanya watu waache kwenda kwenye vikoba vyao kabla hata hela haijaisha, na huko ndiko kwenye watu ambao wangewasaidia.

Nyumbani kusemwe mapema. Wapo wanaoondoka kila asubuhi na shati lililopigwa pasi, wakakae kwenye benchi la stendi mpaka jioni, kwa sababu hawajamwambia mwenza. Mpe ushauri amwambie mwenza wake siku ileile, akiwa na ile karatasi ya stahiki mkononi, na wakubaliane pamoja ni nini kitakachoambiwa watoto na nini kitakachoambiwa ukoo. Ndugu wanaotegemea ada na matibabu wataanza kupiga simu wakisikia kuna malipo, na ni rahisi zaidi kusema "tumekubaliana na mama watoto" kuliko kukataa peke yake.

Hatua ya 8: Jua dalili zinazohitaji daktari

Huzuni, hasira na usingizi wa mang'amung'amu katika siku za mwanzo ni mambo ya kawaida. Mtu akipitisha zaidi ya wiki mbili hapati usingizi, hali chakula, hataki kuonana na watu, anakunywa pombe kuliko desturi yake au anasema hana maana tena, mpeleke hospitali. Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma ya afya ya akili, Muhimbili ipo, na Mirembe ya Dodoma ndiyo hospitali ya taifa ya afya ya akili. Kwenda huko ni kwenda hospitali kama kwingine.

Ukiwa na wasiwasi kwamba anafikiria kujiua, mwulize kwa maneno hayohayo, kwa sauti ya upole: "Je, umewaza kujiua?" Swali hilo halimtii mtu wazo; humpa nafasi ya kulitua. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa sumu ya kilimo na dawa zilizo karibu, mwite ndugu anayemwamini, na mwende hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya 9: Wakumbuke waliobaki

Katika vituo vya serikali walioajiriwa na mradi walikaa benchi moja na walioajiriwa na halmashauri. Mmoja ameondoka, mwingine amerithi foleni yake. Anayebaki huona haya kwa kubaki, na wakati huohuo anachoka kwa kazi ya watu wawili, kisha anajilaumu kwa kulalamika. Mganga mfawidhi akutane nao ndani ya juma la kwanza, ataje kwa majina walioondoka, na aseme wazi ni kazi zipi zitaachwa au kupunguzwa. Kutangaza kwamba kila kitu kitaendelea kama kawaida ni kusema kwamba waliokwenda hawakuwa wakifanya lolote.

Hatua ya 10: Piga simu wiki ya 2, ya 6 na ya 12

Wiki ya kwanza simu hulia sana. Ukimya huanza wiki ya tatu, na malipo huwa yanakaribia kuisha mwezi wa pili au wa tatu. Gawaneni majina, watu watano kwa kila msimamizi, na mpige hata kama ninyi pia mmekosa kazi. Usianze na swali la "umepata kazi?" Anza kama ulivyokuwa ukianza siku zote, kwa shikamoo au habari za nyumbani, na muite kwa jina lile alilozoea kuitwa na timu: kama alikuwa "Mratibu" au "Dokta" au "Mama Neema," abaki hivyo. Mweleze jambo moja dogo la kituoni linalomhusu, kwa mfano kwamba yule bibi wa vidonge alifika siku yake na akamuulizia. Kisha sikiliza. Kabla ya kukata, ulizia jambo moja unaloweza kulifanya juma hilo, kama kutuma barua ya sifa, kusoma maombi yake au kumpigia mwajiri mmoja, na liandike na tarehe yake, kwa sababu simu ya wiki ya 6 itaanzia hapo.